Goddard: Baba wa roketi aliyetegemea mifuko ya wenzake

TANGU matajiri waanze kurusha vyombo vyao wenyewe angani, nimesikia watu wengi wakidai kwamba hili ni jambo geni, kwamba zamani anga za juu zilikuwa mali ya serikali peke yake. Mimi, mshabiki wa roketi tangu utotoni, hupinga. Kila mjadala huo unapozuka humtaja Robert Hutchings Goddard, mwalimu wa fizikia aliyefanya kazi hiyo kwa pesa za kuomba, wakati wengi wakimwona kama aliyerukwa na akili.

Alizaliwa Oktoba 5, 1882 mjini Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani. Alikuwa mtoto wa kuuguaugua, na maradhi yalimchelewesha shuleni hata akamaliza sekondari akiwa na miaka 21. Lakini alikuwa msomaji kwelikweli. Oktoba 19, 1899, akiwa na umri wa miaka 17, alipanda mti wa cheri nyuma ya nyumba ili akate matawi makavu. Akiwa huko juu akawazia chombo cha kumfikisha mtu kwenye sayari ya Mirihi. Aliposhuka alijiona mtu mwingine, na kwa maisha yake yote akaiadhimisha tarehe hiyo kila mwaka kama sikukuu yake binafsi.

Alipata shahada ya uzamifu Chuo Kikuu cha Clark mwaka wa 1911. Miaka miwili baadaye akashikwa na kifua kikuu, na madaktari hawakutarajia angepona. Alipona, na Julai 1914 akapewa hataza mbili, yaani hati za serikali za kulinda uvumbuzi. Moja ilihusu roketi yenye hatua kadhaa, ambapo sehemu iliyokwisha kuungua huachwa ili inayobaki iende ikiwa nyepesi. Nyingine ilihusu roketi inayotumia mafuta ya majimaji badala ya baruti. Mawazo hayo mawili ndiyo yaliyompeleka mwanadamu mwezini.

Mshahara wa mwalimu haukutosha kugharamia ndoto hiyo. Mwaka wa 1916 aliiandikia Taasisi ya Smithsonian akiomba msaada, na Januari 1917 akapewa dola 5,000. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, jeshi nalo likamwita, na mwezi Novemba 1918 akaonyesha roketi ndogo ya kufyatuliwa kutoka kwa bomba la mkononi. Siku chache baadaye vita vikaisha, na hamu ya jeshi ikaisha navyo.

Kisha ikaja fedheha. Katika ripoti ya kisayansi iliyotolewa na Smithsonian, Goddard alikuwa ametaja kwa kifupi kwamba roketi inaweza kutumwa mwezini ikiwa na unga wa kulipuka, ili mwako wake uonekane kwa darubini. Magazeti yaliiacha hesabu yote yakarukia mwezi. Januari 1920, gazeti la New York Times lilichapisha tahariri ya kumkejeli, likidai kwamba roketi haiwezi kwenda mahali pasipo hewa kwa kuwa haina kitu cha kusukuma.

Hebu fikiria umesimama ndani ya mtumbwi mdogo ziwani, kisha urushe jiwe zito upande wa nyuma. Mtumbwi utasogea mbele, na hukusukuma chochote isipokuwa jiwe lenyewe. Jiwe la roketi ni moshi wake. Goddard alikuwa amelithibitisha hili kwa majaribio ndani ya vyombo vilivyofyonzwa hewa. Gazeti lilisahihisha kosa hilo Julai 17, 1969, wakati Apollo 11 ikiwa safarini kuelekea mwezini. Sisi tunaoandika magazetini twafaa kuikumbuka tahariri ile kila tunapotaka kumfundisha mtaalamu kazi yake.

Siku yake kuu ilikuwa Machi 16, 1926, katika shamba la shangazi yake Effie huko Auburn. Kulikuwa na baridi kali. Watu walikuwa wanne tu: Goddard, mkewe Esther, na wasaidizi wawili. Roketi yenyewe, ya petroli na oksijeni iliyopoozwa hadi ikawa majimaji, ilifanana na fremu ya mabomba membamba kuliko chombo cha kwenda nyota. Ilipaa kwa sekunde 2.5, ikafika urefu wa mita 12 hivi, ikaangukia shamba la kabichi umbali wa mita 56. Kamera ya Esther ilikuwa ya kutiwa ufunguo kama saa, na ilikuwa imekwisha nguvu kabla roketi haijanyanyuka. Kwa hiyo hakuna filamu ya safari ya kwanza ya roketi ya mafuta ya majimaji duniani.

Julai 1929 roketi nyingine ilipiga kelele hata majirani wakadhani ni ndege imeanguka. Polisi walifika, wanahabari wakafuata, na baadaye akakatazwa kurusha roketi katika jimbo hilo. Lakini habari hizo zilimfikia Charles Lindbergh, rubani aliyevuka Atlantiki peke yake, naye akamshawishi tajiri Daniel Guggenheim kutoa dola 100,000. Mwaka wa 1930 Goddard akahamia Roswell, jimbo la New Mexico, ambako majirani walikuwa wachache.

Huko roketi zake zilipita mwendo wa sauti, na zikajifunza kujinyoosha zenyewe hewani. Hata hivyo, nadhani hapa ndipo pesa za mtu binafsi zilipoonyesha ubaya wake pamoja na uzuri. Hakuna bosi aliyemharakisha, lakini pia hakuna aliyemlazimisha kushirikiana. Alizificha siri zake na kuwaweka mbali wataalamu wa California waliotaka kufanya kazi naye. Mdororo wa uchumi ulipobana, fedha zilikatika kuanzia 1932 hadi 1934. Roketi yake iliyopanda juu zaidi, mwaka wa 1937, haikufikisha kilomita tatu. Oktoba 1942 Wajerumani, kwa hazina ya dola zima, walirusha yao zaidi ya kilomita 80. Baadaye roketi hizo ziliundwa na wafungwa waliokufa kwa maelfu, kwa hiyo sisemi kwamba pesa za serikali ni safi kuliko za tajiri.

Goddard aliaga dunia Agosti 10, 1945 kwa saratani ya koo. Alikuwa na hataza 214 kwa jumla, 131 kati yake zikiwa zimepatikana baada ya kifo chake kwa juhudi za Esther. Mwaka wa 1960 serikali ya Marekani ililipa dola milioni moja kwa kuutumia uvumbuzi wake, malipo yaliyomwendea mjane na wakfu wa Guggenheim.

Novemba 2006 kampuni ya Blue Origin ilikiita chombo chake cha kwanza cha majaribio kilichotumia roketi Goddard. Hilo ni jina la haki. Ila nikitazama jinsi kampuni za namna hii zilivyonenepa kwa zabuni za shirika la NASA, naona Goddard alikuwa mtu binafsi kuliko zote.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake. Kituo cha NASA chenye jina lake, kilichoanzishwa 1959, ndicho kilichosimamia setilaiti ya kwanza ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka kwa nyota. Ilirushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, nayo ikaitwa Uhuru. Roketi iliyoibeba ilikuwa na hatua nne.