Habari za Mtakatifu Fransiska wa Roma, Mke na Mama wa Nyumba

Kijitabu hiki cha yubilei kina habari nyingi za maaskofu, mapadre na masista, nayo ni haki yao. Lakini atazamaye kanisani siku ya Jumapili ataona ya kuwa wanaojaza mabenchi ni akina mama wenye watoto migongoni, nao huisikiliza Injili kwa sikio moja, na sikio la pili limo katika kumsikiliza mtoto atakaye kulia. Kwa ajili yao naandika habari za mwanamke aliyeolewa, akazaa, akatunza nyumba kubwa muda wa miaka 40 hivi, na Kanisa likamweka katika hesabu ya watakatifu.

Fransiska, au Francesca kwa lugha ya kwao, alizaliwa katika mji wa Roma mwaka 1384. Wazazi wake, Paolo Bussa na Iacobella, walikuwa watu wa ukoo bora. Siku zile Kanisa lilikuwa katika mashaka makuu, maana tangu mwaka 1378 palikuwa na watu wawili, na baadaye watatu, kila mmoja akidai kwamba yeye ndiye Papa. Fitina hiyo haikwisha ila mwaka 1417. Mji wenyewe ulijaa ugomvi wa wakubwa. Katika hali hiyo mtoto yule alipenda sala kupita michezo, naye alipopata miaka 11 alitaka kuwa mtawa. Baba yake hakukubali. Alikuwa amekwisha kumwahidi kwa kijana tajiri, Lorenzo Ponziani, na yapata mwaka 1396 arusi ikafanywa, bibi arusi akiwa na umri wa miaka 12 tu. Ndiyo desturi ya wakubwa wa zamani zile. Sisi leo hatuisifu.

Basi akahamia katika nyumba ya Ponziani, mtaa wa Trastevere, ng'ambo ya mto Tiberi. Lorenzo alimpenda kweli, lakini nyumba ile ilikuwa na karamu, wageni, mavazi ya hariri na mazungumzo yasiyokwisha, na moyo wa Fransiska ulikuwa mahali pengine. Akaugua sana, hata watu wakamkatia tamaa. Alipopona, Vannozza, mke wa shemeji yake, alimkuta siku moja akilia, akamwuliza sababu. Fransiska akamfunulia siri yake, na kumbe Vannozza naye alikuwa na hamu ile ile, akiificha kama yeye. Tangu siku hiyo wakawa ndugu. Wakajitengea mahali padogo pa kusali humo humo nyumbani, wakawa wakienda pamoja kuwahudumia wagonjwa katika hospitali ya Roho Mtakatifu. Mavyaa yao hakupendezwa. Aliona haya mbele ya wakubwa wenzake kwa ajili ya wakaza wana wasiopenda fahari. Lakini waume zao hawakuwazuia.

Mavyaa alipofariki, baba mkwe alimchagua Fransiska awe bibi wa nyumba yote. Alijaribu kukataa, akisema kwamba Vannozza ni mkubwa wake, na haki ni yake. Vannozza mwenyewe akamsihi apokee. Hivyo, angali kijana, alishika funguo za ghala, za divai na za makabati, akawaongoza watumishi wengi, akakaribisha wageni wa mumewe, na mwaka 1400 alikuwa amekwisha kumzaa mwanawe wa kwanza, Battista. Baadaye walizaliwa Evangelista na binti, Agnese.

Hapa ndipo naomba akina mama wasome polepole. Yasimuliwa kwamba siku moja Fransiska alikuwa akisali Sala za Bikira Maria katika kitabu chake. Alipofika katika mstari mmoja, mumewe akamwita. Akafunga kitabu, akaenda, akafanya lililotakiwa, akarudi na kuanza mstari ule ule. Akaitwa tena. Mara nne aliitwa, na mara nne aliondoka bila kununa. Aliporudi mara ya mwisho akaukuta mstari ule umeandikwa kwa herufi za dhahabu. Wako wanaoipenda hadithi hii kwa ajili ya dhahabu. Mimi naipenda zaidi kwa ajili ya zile safari nne za kwenda na kurudi, kwa maana aliyewahi kuitwa kutoka katika sala yake anajua ya kwamba kuondoka si kazi ngumu sana. Kazi ni kurudi na moyo usio na hasira, na kuanza pale pale palipoachwa. Yeye alishika neno hili, kwamba mke mwenye nyumba akiitwa na wajibu wake hana budi kumwacha Mungu mbele ya altare na kumtafuta katika kazi zake. Na kwa kuwa mchana haukuwa wake, alichukua sehemu ya usiku, wengine walipolala, akasali.

Tena asidhani mtu ya kuwa nyumba ile ilikuwa na raha siku zote. Njaa ilipoingia mjini, Fransiska aligawa nafaka kwa maskini hata baba mkwe akaogopa, akamnyang'anya funguo. Yeye na Vannozza wakaokota punje zilizobaki katika makapi, wakazigawa hizo nazo. Na mapokeo yasema kwamba baadaye ghala ilikutwa imejaa. Kisha ikaja vita. Majeshi ya Ladislaus, mfalme wa Napoli, yaliiteka Roma. Lorenzo akachomwa upanga, akawa karibu kufa, na mkewe akamwuguza. Nyumba ikaporwa, na Lorenzo ikampasa kuukimbia mji. Tauni ikafuata. Evangelista, mtoto mpole, akafa mikononi mwa mama yake, na baada ya muda si mrefu Agnese naye akafa. Mama huyu aliyefiwa akafungua vyumba vilivyobaki, akawalaza wagonjwa wa tauni ndani yake. Aliuza mavazi na vito vyake, na vilipokwisha akazunguka mitaani kuwaombea maskini mkate, katika mji ambao kila mtu alimjua kuwa ni mke wa tajiri.

Yasemwa ya kwamba baada ya kifo cha Evangelista alijaliwa kumwona malaika karibu naye daima, na nuru ya malaika huyo ilimmulikia njia usiku. Kwa sababu hiyo mwaka 1925 Papa Pio wa 11 alimfanya msimamizi wa madereva wa motokaa, jambo ambalo pengine lingemshangaza yeye aliyetembea na punda.

Amani iliporudi, Lorenzo alirudi nyumbani amevunjika afya. Battista akaoa msichana jina lake Mobilia, mwenye majivuno, aliyemcheka mavyaa wake mbele ya watu kwa nguo zake duni. Fransiska alivumilia, na Mobilia alipopatwa na ugonjwa wa ghafula alimwuguza kwa upole, hata binti yule akageuka, akampenda sana.

Tarehe 15 Agosti 1425 Fransiska na wanawake wengine wachache wa Roma walijitoa kwa Mungu katika kanisa la Santa Maria Nova, chini ya Wabenediktini wa Monte Oliveto, wakiendelea kukaa kila mtu kwake. Mwaka 1433 wakapata nyumba iitwayo Tor de' Specchi, na Papa Eujenio wa 4 akaikubali jamii yao. Hawakufungiwa ndani kama watawa wengine. Walitoka kuwaendea maskini. Hata hivyo Fransiska mwenyewe, aliyeianzisha nyumba ile, hakuingia kukaa humo, kwa kuwa mumewe alikuwa mgonjwa. Aliingia mwaka 1436 Lorenzo alipokwisha kufariki, akawekwa kuwa mkubwa wao.

Miaka minne tu alikaa katika nyumba aliyoitamani tangu utoto. Mapema mwaka 1440 aliitwa tena: Battista alikuwa mgonjwa. Akaenda kumwangalia, na jioni alipokuwa akirudi, muungamishi wake, padre Giovanni Mattiotti, alikutana naye njiani, akaona homa imemshika, akamwamuru arudi kwa mwanawe. Akatii. Tarehe 9 Machi, akiwa amemaliza kusali Masifu ya Jioni ya Bikira Maria, alifariki katika nyumba ile ile ya Trastevere alimoingia kama bibi arusi. Alizikwa katika kanisa la Santa Maria Nova, ambalo sasa laitwa kwa jina lake, na mwaka 1608 Papa Paulo wa 5 akamtangaza kuwa mtakatifu.