Sonara Aliyeliezeka Kanisa Kuu

Ndugu walimu, tumezoea kumdharau mwanafunzi apendaye kazi za mikono, kana kwamba akili hukaa vitabuni tu. Maisha ya Filippo Brunelleschi yanatusuta.

Alizaliwa Florence, Italia, mwaka wa 1377. Baba yake alikuwa mwanasheria, lakini yeye alijifunza usonara. Mwaka wa 1401 alishindania kazi ya kuunda milango ya shaba, akaikosa. Hakukata tamaa, aligeukia ujenzi.

Kanisa kuu la mji huo, lililoanza kujengwa mwaka wa 1296, lilikuwa bado wazi juu kwa upana wa zaidi ya mita 40. Kuunda kiunzi cha mbao cha kushikilia kuba pana kiasi hicho kulikuwa muhali. Kuanzia mwaka wa 1420, Brunelleschi alijenga makuba mawili, moja ndani ya jingine, kwa matofali yaliyokabana duru juu ya duru. Aliunda pia mashine iliyovutwa na maksai, yenye gia zilizowezesha mzigo kupandishwa na kuteremshwa bila ya kuwageuza wanyama. Kuba lilikamilika mwaka wa 1436. Alipofariki mwaka wa 1446, alizikwa humo humo.

Je, ni masonara wangapi wa namna hiyo tunaowavunja moyo madarasani?