Mchungaji Muhlenberg: alikwenda kupumzika, vita vikamfuata kanisani

Mwaka 1776 Mchungaji Henry Muhlenberg alikuwa anakaribia miaka 65, masikio yameanza kuchoka. Akaondoka Philadelphia, Marekani, alikoongoza usharika mkubwa wa Walutheri, akahamia Trappe, kijiji kilicho kilomita kama 40 kutoka jijini. Palikuwa kwake kwa zamani: alitoka Ujerumani mwaka 1742, na kanisa la mawe la Trappe likajengwa mwaka uliofuata.

Ila kustaafu kwenyewe kulikuwa nusunusu. Watu waliendelea kumfuata awabatizie watoto na kuwazikia wafu, naye mzee bado alipanda mimbarani.

Halafu vita vya uhuru vikafika mlangoni. Mwaka 1777 wanamgambo waliingia kanisani Trappe na silaha zao, baadaye majeruhi wakalazwa humo. Mzee alibanwa kote kote. Alizaliwa Hanover, nchi ya ukoo wa Mfalme George, na alishakula kiapo cha kumtii. Mwanawe Peter, naye mchungaji, sasa alikuwa jenerali wa Washington! Waingereza wakija, baba wa jenerali atasema nini? Alishauriwa akimbie. Akabaki, na mke mgonjwa ndani.

Kule Philadelphia, Waingereza waliligeuza kanisa lake la Zion kuwa hospitali.

Vita vilipoisha alirudia kazi ya kukusanya nyimbo, na kitabu kikachapwa 1786. Alifariki Oktoba 7, 1787, akazikwa nyuma ya kanisa lilelile la Trappe. Bado limesimama.