Mwami Rudahigwa na Mitaro ya Milimani

Nimeombwa nilete habari za mtu mashuhuri aliyekwisha kufa. Nimemchagua Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa. Sikumchagua kwa ajili ya ngoma za kifalme, wala kwa ajili ya motokaa aliyopenda kuiendesha mwenyewe, bali kwa ajili ya mitaro. Marehemu babu yangu alichimba mitaro katika enzi yake, na mpaka uzee wake hakupenda kuitazama. Nilipokuwa mwanafunzi hapa Gisenyi nilidhani ni ukaidi wa wazee tu.

Rudahigwa alizaliwa mwaka 1911, mwana wa Mwami Yuhi Musinga. Alisoma Nyanza katika shule ya wana wa machifu, kisha akawa chifu wa Marangara. Tarehe 12 Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa baba yake kitini kwa kuwa hakukubali kufuata njia zao, na tarehe 16 wakamtawaza mwana. Alikuwa kijana wa miaka 20, mrefu kupita mita mbili. Hebu fikiri, ndugu msomaji, kukalia kiti ambacho baba yako ameinuliwa juzi, nawe unamjua aliyemwinua. Musinga alipelekwa Kamembe, baadaye Moba katika Kongo, akafia huko mwaka 1944. Mimi naona kwamba mengi aliyoyafanya Rudahigwa, na mengi aliyoyanyamazia, yalitokana na zile siku nne.

Nchi aliyoirithi ilikuwa ya milima mingi, watu wengi na udongo wenye kukimbia. Njaa kali ilikuwa imepita mwaka 1928 na 1929. Hata hivyo iliyokumbukwa zaidi ni ile iitwayo Ruzagayura, ya mwaka 1943 na 1944. Mvua ziliadimika, na katika milima yetu ya kaskazini viazi ulaya vilishikwa na ugonjwa unaokausha majani na kuozesha viazi ardhini. Isitoshe, ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na serikali ya kikoloni ilikuwa ikidai vyakula na nguvu za watu kwa kazi za vita. Hesabu ya waliokufa haikubaliwi na wote: wako wanaotaja makumi ya maelfu, wako wanaofika laki tatu. Wengine walikimbilia Kongo na Uganda. Mwezi Oktoba wa mwaka huo huo wa 1943 Mwami alibatizwa, na watu wengi wakamfuata katika dini mpya.

Baada ya njaa, kazi ya kuzuia udongo iliyokuwa imeanza kabla ya vita ilisukumwa kwa nguvu. Kwa Kinyarwanda mitaro hiyo huitwa imirwanyasuri, yaani yenye kupigana na mmomonyoko. Mtaro hukatwa kuuzunguka mlima, ukilala sawasawa bila kupanda wala kushuka, na ukingoni mwake hupandwa mabingobingo ili mizizi ishike udongo. Katika sehemu kavu za mashariki, kama Bugesera, mtaro huyakamata maji machache ya mvua yakazama shambani badala ya kupotea bondeni. Kwetu Gisenyi mvua si haba. Hapa kazi yake ni kuyapunguza maji mbio kabla hayajabeba shamba zima kulitia katika mto Sebeya. Na majani yale ng'ombe huyala. Kwa kweli, ni kazi njema.

Lakini ilifanywa kwa amri. Neno akazi, ambalo Wanyarwanda walilitoa katika Kiswahili hiki hiki tunachokiandika, kwao lilikuwa na maana ya kazi ya kulazimishwa. Mbelgiji alimwamuru chifu, chifu akamwamuru chifu mdogo, na huyo akafika kilimani na kiboko. Babu alisema kwamba aliuacha mtama wake ukiliwa na ndege ili achimbe mtaro katika shamba la mtu mwingine, na aliyechelewa alilazwa chini. Yote hayo yalifanywa chini ya enzi ya Mwami.

Je, Mwami hakuyajua? Sidhani. Mwaka 1949 uburetwa, ile kazi ya bure kwa chifu, ulikomeshwa. Mwaka 1954 yeye mwenyewe aliongoza kuvunjwa kwa ubuhake, desturi ya mtu kumtumikia tajiri kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe waligawanywa, lakini malisho yalibaki mikononi mwa wale wale. Basi mtu alipata ng'ombe asipate majani. Hapo namlaumu kidogo, ingawa ni rahisi kulaumu ukiwa umekaa na kalamu.

Alifariki ghafla mjini Usumbura tarehe 25 Julai 1959, akazikwa Mwima karibu na Nyanza. Hakuacha mtoto. Kabla ya mwaka huo kwisha nchi ilikuwa imewaka moto, na ufalme wenyewe ulivunjwa mwaka 1961. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962 watu mahali pengi waliiacha mitaro, wengine wakaifukia. Babu alikuwa mmoja wao. Aliufukia wake kwa siku mbili, akapanda maharagwe juu yake, na alikuwa akilisimulia jambo hilo kwa furaha kama mtu aliyeshinda kesi.

Miaka ya baadaye serikali ilirudi na majembe kwa njia ya umuganda, nasi wanafunzi tulipelekwa milimani siku za Jumamosi. Babu alikaa mlangoni, akatugeuzia mgongo.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha. Sebeya ilifurika, milima ikaporomoka, na katika majimbo ya magharibi na kaskazini walikufa watu zaidi ya 130. Shamba la babu halikuchukuliwa lote, lakini upande wa chini ulibaki mawe matupu. Mwaka uliofuata nilianza kuchimba. Mahali pa mtaro wa zamani jembe lilizama bila taabu, maana udongo alioujaza kwa mikono yake ulikuwa bado laini kuliko wa pembeni. Niliufuata mpaka mwisho, bila kupima.