Paul-Henri Spaak: Mbelgiji aliyetaka jeshi la Ulaya liwe na bunge lake

Asubuhi ya Mei 10, 1940, balozi wa Ujerumani aliingia ofisini kwa waziri wa mambo ya nje wa Ubelgiji mjini Brussels akiwa na karatasi ya kusoma. Ndege za Ujerumani zilikuwa zimeshaanza kushambulia. Waziri hakumpa nafasi. Alimkatiza, akaanza yeye kusoma malalamiko ya nchi yake.

Waziri huyo ni Paul-Henri Spaak, wakati huo ana miaka 41. Na kilichokuwa kinaporomoka asubuhi ile ni siasa yake mwenyewe. Tangu 1936 alikuwa akiitetea Ubelgiji isiyofungamana na upande wowote, akiamini taifa dogo litasalimika likikaa kando. Halikusalimika.

Spaak alizaliwa Januari 25, 1899, Schaerbeek, pembeni mwa Brussels. Siasa aliikuta nyumbani: mama yake, Marie Janson, ndiye mwanamke wa kwanza kuingia bunge la Ubelgiji, mwaka 1921. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia kijana alidanganya umri ili aandikishwe jeshini, akakamatwa na kukaa miaka miwili mikononi mwa Wajerumani. Baadaye akawa wakili, tena mcheza tenisi mzuri tu, maana mwaka 1922 aliichezea Ubelgiji katika Davis Cup.

Baada ya uvamizi wa 1940 alikimbilia Ufaransa, kisha Hispania. Kutoka huko yeye na waziri mkuu wake walitoroka wakiwa wamefichwa ndani ya lori hadi Ureno, na hatimaye wakafika London. Mjomba wake, Paul-Émile Janson, hakubahatika. Alifia kambi ya Buchenwald mwaka 1944.

Vita ilipokwisha, Spaak hakutaka tena kusikia habari za kukaa kando. Ubelgiji ilitia saini Mkataba wa Brussels mwaka 1948, na mwaka uliofuata ikaingia NATO. Agosti 1949 wabunge kutoka nchi mbalimbali walikutana Strasbourg kwa kikao cha kwanza cha Baraza la Ulaya, wakamchagua Spaak kuwa rais wa bunge lao.

Lakini bunge lile lilikuwa limefungwa mikono. Katiba yake iliweka ulinzi wa taifa nje ya kazi zake.

Marufuku hiyo haikuzuia mjadala kwa muda mrefu. Agosti 1950, vita ya Korea ikiwa imeanza majuzi tu, Winston Churchill alisimama Strasbourg akataka liundwe jeshi la Ulaya, na wabunge wengi wakaunga mkono. Ufaransa nayo ikaleta mpango wake, na Mei 27, 1952 nchi sita zikatia saini mkataba wa jeshi la pamoja. Askari wa Ujerumani wangekuwa ndani ya jeshi hilo, badala ya Ujerumani kuachiwa jeshi lake peke yake.

Sasa jeshi hilo lingewajibika kwa nani? Hapo ndipo Spaak alipoingia kwa nguvu zote. Aliongoza bunge la muda la nchi hizo sita, na kufikia Machi 1953 rasimu ilikuwa tayari: bunge la vyumba viwili, kimoja kikichaguliwa moja kwa moja na wananchi, na serikali ya Ulaya ya kulijibu.

Rasimu ilikufa Paris. Agosti 30, 1954, Bunge la Ufaransa liliuzima mkataba wa jeshi kwa kura 319 dhidi ya 264, hata mjadala haujafika mwisho. Ubelgiji ilikuwa imeshauridhia.

Kilichopatikana Oktoba mwaka huohuo kilikuwa kidogo zaidi: Umoja wa Ulaya Magharibi, nchi saba, pamoja na baraza la wabunge wa kupokea ripoti za mawaziri na kuwahoji kuhusu ulinzi. Haukuwa ushindi aliouota Spaak. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza wabunge wa nchi kadhaa za Ulaya walikaa pamoja wakiwa na haki ya wazi ya kuuliza mambo ya majeshi.

Spaak akawa katibu mkuu wa NATO kuanzia 1957 hadi 1961, kisha akarudi wizarani. Huko ndiko jina lake lilikofika Kongo. Novemba 24, 1964, kwa makubaliano yake na Marekani, askari wa miavuli wa Ubelgiji walirushwa Stanleyville, Kisangani ya leo, kuwaokoa mateka wa wapiganaji wa Simba. Wengi waliokolewa, makumi wakauawa. Serikali nyingi za Afrika ziliita kitendo hicho uvamizi, na Spaak akalazimika kwenda mwenyewe Umoja wa Mataifa kujitetea.

Alifariki Julai 31, 1972. Baraza la wabunge wa Umoja wa Ulaya Magharibi lilifungwa mwaka 2011. Tangu 2012 wabunge wa nchi za Umoja wa Ulaya hukutana mara mbili kwa mwaka kujadili ulinzi, na wanachokubaliana hakiibani serikali yoyote.