Lyman Briggs, mzee aliyepima mpira unaopinda

Kila anayecheza kabumbu Niemba anaujua mpira unaopinda. Mpigaji wa kona anaugusa ubavuni, unaondoka ukizunguka, golikipa anadhani unakwenda nje, kisha unarudi na kuingia golini. Katika kijiji hiki cha reli, kati ya Kalemie na Nyunzu, hakuna anayebishana kama mpira unapinda kweli. Goli likishaingia, maneno yamekwisha.

Kule Marekani mambo yalikuwa tofauti. Wapenzi wa besiboli, mchezo wa kurusha mpira mdogo kwa mkono na kuupiga kwa gongo, walibishana kwa miaka mingi. Warushaji walisema mpira wao unapinda hewani. Wengine walisema ni macho tu yanadanganywa, na katika miaka ya 1940 hata gazeti kubwa la picha la nchi hiyo lilitia shaka.

Aliyeuchukua ubishi huo na kuupimia kwa namba alikuwa Lyman Briggs, mwanafizikia aliyefariki mwaka wa 1963. Jina lake linatuhusu sisi pia watu wa Katanga ya zamani. Miaka 20 kabla ya kazi yake ya mpira, ni yeye aliyekabidhiwa na serikali ya Marekani uchunguzi wa kwanza wa urani, wakati urani bora kuliko zote duniani ilikuwa inatoka Shinkolobwe.

Mtoto wa shamba

Briggs alizaliwa tarehe 7 Mei 1874, shambani karibu na kijiji cha Assyria, jimbo la Michigan. Hakupitia shule ya sekondari. Alifanya mtihani, akafaulu, na akiwa na miaka 15 akaingia chuo cha kilimo cha Michigan. Huko alisoma, na huko pia alicheza besiboli, akisimama nyuma kabisa ya uwanja kudaka mipira inayopigwa mbali.

Mwaka wa 1896 aliajiriwa na wizara ya kilimo mjini Washington. Kazi yake ilikuwa udongo. Alitaka kujua ardhi inashika maji kiasi gani, na mmea unaanza kunyauka wakati gani. Mwaka wa 1912, pamoja na mwenzake Homer Shantz, alitoa utafiti uliopima kiasi cha maji kinachobaki kwenye udongo mmea unapokauka. Mkulima wa mahindi anayeangalia anga mwezi wa pili bila kuona wingu anaelewa mara moja kwa nini kipimo kama hicho kina faida.

Mwaka huohuo wa 1896 alioa. Mke wake, Katharine Cook Briggs, na binti yao Isabel, ndio waliotunga maswali ya Myers-Briggs ya kutambua tabia za watu, ambayo makampuni mengi duniani yanayatumia hadi leo. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja baba alipima udongo na upepo, na mama na binti wakapima tabia za watu.

Wakati wa vita kuu ya kwanza Briggs alihamishiwa kwenye ofisi ya vipimo ya taifa. Ndiyo ofisi inayohakikisha kwamba kilo ni kilo na mita ni mita. Huko, pamoja na Paul Heyl, alitengeneza dira ya ndege inayotumia sumaku ya dunia. Mwaka wa 1927, rubani Charles Lindbergh alipovuka bahari ya Atlantiki peke yake bila kutua, alikuwa na dira ya aina hiyo.

Briggs alifanya kazi pia katika handaki la upepo, bomba kubwa ambamo feni inasukuma hewa kwa nguvu ili kuona hewa hiyo inakigusa vipi kitu kilichowekwa ndani. Yeye na Hugh Dryden walipima mabawa kwenye mwendo unaokaribia ule wa sauti. Tangu 1933 hadi 1945 Briggs alikuwa mkurugenzi wa ofisi hiyo.

Urani ya Katanga

Tarehe 2 Agosti 1939, Albert Einstein alitia sahihi barua kwa rais Franklin Roosevelt. Barua hiyo ilieleza kwamba urani inaweza kutoa bomu lenye nguvu isiyowahi kuonekana, na ilitaja Kongo ya Wabelgiji kama mahali muhimu kuliko yote pa kuipata. Roosevelt aliipokea mwezi wa 10 na kumteua Briggs kuongoza kamati ya urani. Kikao cha kwanza kilifanyika tarehe 21 Oktoba 1939, na fedha ya kuanzia ilikuwa dola 6,000 tu.

Hapa ndipo tabia ya Briggs ilipomletea lawama. Alikuwa mtu wa kupima kwanza, asiyekurupuka, na kwenye udongo au upepo hilo lilikuwa jambo jema. Lakini vita haikungoja. Mwezi wa 8 mwaka wa 1941 mwanasayansi Mark Oliphant alikuja kutoka Uingereza kuuliza kwa nini Marekani haijibu ripoti za Waingereza zilizoonyesha kwamba bomu linawezekana. Alikuta Briggs amezifungia ripoti hizo ndani ya sanduku la chuma, na wajumbe wa kamati yake hawajazisoma.

Baada ya hapo wakubwa wengine waliushika usukani, na mwaka wa 1942 jeshi likaichukua kazi yote. Wanahistoria wengi wanamhesabu Briggs kuwa mzito mno kwa kazi ile. Wengine wanakumbusha kwamba alikuwa na fedha kidogo na amri kali ya kutunza siri.

Wakati kamati ikisuasua Washington, mawe yenyewe yalikuwa tayari njiani. Mwaka wa 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alikuwa amepeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe hadi New York. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kwenye kazi ya bomu ilitoka huko. Wachimbaji wa Katanga hawakuambiwa mawe yale yanakwenda kufanya nini. Namba zote zilikaa kwenye madaftari ya watu wa mbali.

Utepe na masizi

Briggs alistaafu mwaka wa 1945, lakini hakuacha kupima. Mwaka huohuo alitoa utafiti juu ya namna mpira unavyodunda na namna ya kupima mzunguko wake. Kisha, alipokuwa na zaidi ya miaka 80, akalirudia swali la ujana wake uwanjani: mpira wa besiboli unapinda kiasi gani, na kwa nini?

Kwa msaada wa timu ya Washington Senators, alipata warushaji wa kweli, wakiwemo Pedro Ramos na Camilo Pascual, wote wawili kutoka Kuba. Tatizo la kwanza lilikuwa kuhesabu mizunguko. Mpira unasafiri kama mita 18 kwa nusu sekunde hivi, na hakuna jicho linaloweza kuhesabu kitu kinachozunguka kwa mwendo huo.

Dawa yake ilikuwa rahisi ajabu. Alichukua utepe mwepesi na mwembamba, akafunga ncha moja kwenye mpira na kuulaza utepe wote ukiwa umenyooka. Mrushaji alirusha, utepe ukafuata, na kila mara mpira ulipozunguka, utepe ulijisokota mara moja. Baada ya mpira kudakwa, ilibaki kazi ya kuhesabu misokoto. Alipata kati ya mizunguko 7 na 16 kutoka mkono wa mrushaji hadi kwa mdakaji. Kwa mpira unaozunguka sana, hiyo ni kama mizunguko 1,600 kwa dakika.

Baada ya kuipata namba hiyo, alirudi kwenye handaki la upepo. Aliuzungusha mpira kwa mwendo uleule wa warushaji, akauachia udondoke katikati ya upepo mkali. Chini ya mpira alipaka masizi, na pale ulipoangukia alitandika karatasi ngumu. Mpira ulipogusa karatasi uliacha alama nyeusi. Kisha aliuzungusha kinyume na kuudondosha tena. Nusu ya umbali kati ya alama hizo mbili ndiyo iliyokuwa kipimo cha kupinda.

Matokeo yalitoka mwaka wa 1959 katika jarida la fizikia la Marekani, Briggs akiwa na miaka 85. Mpira unapinda kweli. Katika safari yake yote unaweza kuhama hadi inchi 17.5, yaani sentimita 44 na kidogo. Bamba ambalo mpigaji anasimama kando yake lina upana wa inchi 17. Kwa hiyo mpira unaoonekana kuelekea ukingo mmoja unaweza kuishia ukingo wa pili.

Sababu yake ni hewa. Mpira unaozunguka unaikokota hewa iliyo karibu na ngozi yake na kuitupa upande mmoja, na wenyewe unasukumwa upande wa pili. Briggs aliona pia kwamba mzunguko ndio unaoamua, kuliko kasi. Mpira wa kasi unasukumwa kwa nguvu zaidi, lakini unafika haraka, na muda wa kusukumwa unapungua. Watafiti waliokuja baadaye wakiwa na vyombo bora walirekebisha sehemu ya hesabu zake za kasi, lakini somo la mzunguko lilibaki.

Slaida ya leo

Miongoni mwa mipira inayopinda, unaosumbua sana wapigaji wa leo unaitwa slaida. Unarushwa kwa kasi inayokaribia ile ya mpira ulionyooka, kisha unateleza pembeni ukiwa umekaribia kufika, wakati mpigaji ameshaamua pa kupitisha gongo lake. Hila yake iko kwenye vidole: mrushaji anaushika mpira kando kidogo ya katikati, na unatoka ukizunguka kwa sehemu kama risasi.

Mzunguko wa risasi haupindishi mpira. Unaoupindisha ni ule unaokatiza njia ya mpira. Ndiyo maana slaida inaweza kuzunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika na bado ikahama kidogo kuliko mpira wa kupinda wa kawaida. Mrushaji anayetaka slaida nzuri lazima ajue mizunguko ni mingapi, na pia imeelekea wapi.

Tangu 2015, viwanja vyote vya ligi kuu ya Marekani vina vyombo vinavyoufuata kila mpira na kuandika kasi, mizunguko na umbali uliopinda. Mazoezini, kamera zinazopiga mamia ya picha kwa sekunde zinaonyesha kidole kipi kiliugusa mpira mwisho. Mrushaji anahamisha kidole kidogo, anarusha, anasoma namba, anarekebisha, anarusha tena. Zamani ilichukua miaka ya kubahatisha. Sasa kazi hiyo inaweza kuchukua wiki chache.

Vyombo hivyo ni vya bei kali. Hata hivyo, vinachohesabu ni kilekile kilichohesabiwa na mzee Briggs kwa utepe.

Lyman Briggs alifariki tarehe 25 Machi 1963, akiwa na miaka 88. Subira yake iliwahi kumchelewesha mahali palipotaka haraka. Uwanjani subira hiyohiyo ilimpa jibu ambalo wenye kelele walishindwa kulipata.

Vijana wa Niemba hawana handaki la upepo. Lakini utepe unapatikana, masizi yamejaa chini ya kila sufuria, na mpira hata wa matambara unazunguka. Anayetaka kujua mpira wake unazunguka mara ngapi anaweza kuanza leo jioni. Afunge utepe, arushe, ahesabu misokoto, kisha aiandike namba kwenye daftari lake mwenyewe.