Fabisch: Mjerumani tuliyemwita mara tatu

Hebu niambie ukweli, wewe umempiga kalamu kocha mara ngapi mwaka huu? Mimi nimeacha kuhesabu. Kwenye kibanda tunachotazamia mpira hapa Garissa, kocha hufutwa kazi kabla hata ya mapumziko. Timu ikifungwa bao moja, jamaa wa benchi la nyuma anataka aende. Ikifungwa la pili, kibanda kizima kinataka aende, na mwenye kibanda anaongeza sauti ya runinga ili tunyamaze. Manchester United peke yake, tangu Ferguson astaafu mwaka 2013, tumeshamtimua Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjaer na Ten Hag, na bado hatujashiba.

Leo sitakuchosha na hao. Nataka nikupe maisha ya mtu mmoja ambaye yuko kaburini tangu Julai 2008, wakati pengine wewe ulikuwa bado unajifunza kufunga kamba za viatu. Jina lake Reinhard Fabisch. Kama baba yako au adeer wako anapenda Harambee Stars, mtajie jina hilo halafu uangalie uso wake. Nimemchagua kwa sababu kuna swali linanisumbua wiki hii, na maisha ya Fabisch yanalijibu vizuri kuliko kelele za kibandani. Swali lenyewe nitakuambia mwishoni.

Fabisch alikuwa Mjerumani, mzaliwa wa 1950. Hakuwa jina kubwa kule kwao. Jina lake lilikua huku kwetu Afrika, na lilianzia hapa Kenya. Mwaka 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika, na uwanja wa Kasarani ulikuwa bado unanukia rangi. Nchi nzima ilitaka medali, na medali iliyotakiwa kuliko zote ilikuwa ya soka. Fabisch akakabidhiwa Harambee Stars, kikosi cha akina John Bobby Ogolla, Ambrose Ayoyi na Wilberforce Mulamba. Timu ikapanda hatua kwa hatua hadi fainali dhidi ya Misri. Tukafungwa 1-0. Tukabaki na medali ya fedha.

Ungekuwa na kocha wa namna hiyo ungefanya nini? Ungemfungia mlango asitoke, si ndiyo? Sasa sikiliza. Machi 1988 Stars ilienda Morocco kwa Kombe la Mataifa ya Afrika, na kwenye benchi alikaa kocha mwingine. Tulitoka sare tasa na Cameroon, tukachapwa 3-0 na Nigeria, tukachapwa 3-0 na Misri. Pointi moja, mabao sufuri, tukarudi nyumbani.

Usinielewe vibaya. Sisemi kocha aliyefuata alikuwa bure. Kundi lile lilikuwa moto: Cameroon na Nigeria ndio waliokutana fainali mwaka huo. Ninachosema ni kwamba kazi iliyoanza kushika 1987 haikupewa nafasi ya kukomaa mikononi mwa aliyeianza. Hilo liweke mfukoni, tutalirudia.

Mwaka 1992 Fabisch alichukua timu ya taifa ya Zimbabwe. Alikuta vipaji, na vipaji hivyo akavifanya timu. Golini alikuwa Bruce Grobbelaar wa Liverpool, mbele alikuwa Peter Ndlovu, kijana aliyekuwa akiwasumbua mabeki wa Uingereza akiwa na Coventry City. Wazimbabwe wakaiita Timu ya Ndoto, na mpaka leo ukitaja soka kwa Mzimbabwe wa umri fulani atakurudisha kwenye miaka hiyo.

Februari 1993 walienda Cairo kucheza na Misri, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia la 1994. Zimbabwe walihitaji sare tu. Mashabiki wakaanza kurusha vitu uwanjani, na jiwe likampata Fabisch kichwani. Misri ikashinda 2-1. Kwa jedwali la siku hiyo, Fabisch alikuwa kocha aliyefeli. Lakini FIFA ikafuta matokeo na kuamuru mechi irudiwe nje ya Afrika, mjini Lyon, Ufaransa. Aprili wakakutana huko, Zimbabwe wakalinda lango lao kama mama anavyomlinda mwanawe, ikaisha 0-0, Misri ikaaga.

Ukidhani baada ya hapo mambo yalinyooka, hujui mpira. Mwaka huohuo, Julai, Zimbabwe walihitaji kuishinda Zambia nyumbani Harare ili waende Kombe la Mataifa ya Afrika. Zambia hii ilikuwa imepoteza karibu kikosi chake chote kwenye ajali ya ndege pwani ya Gabon miezi michache kabla, ikajikusanya upya. Ikaisha 1-1, Zambia ikaenda. Oktoba, mechi ya mwisho ya kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia, Zimbabwe wakafungwa 3-1 na Cameroon kule Yaoundé. Mechi moja tu ndiyo iliyowatenga na Marekani.

Kwa hivyo piga hesabu ya kibandani. Kombe la Mataifa ya Afrika: hakufika. Kombe la Dunia: hakufika. Mataji: hakuna. Kwa hesabu hiyo Fabisch ni wa kufukuzwa mara mbili kwa mwaka mmoja. Lakini muulize shabiki wa Harare ni timu gani ilimfanya aamini kwamba nchi yake inaweza, hatakutajia nyingine. Mwaka 1995 wakaachana naye. Zimbabwe ilikuja kufika Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2004, miaka tisa baadaye.

Sasa rudi nyumbani Kenya. Katikati ya miaka ya tisini tulimkumbuka nani? Huyohuyo. Fabisch akarudi kwenye benchi la Stars wakati wa kampeni ya kufuzu Kombe la Dunia la 1998. Ilikuwa enzi ya akina Musa Otieno na Mike Okoth, babake Divock Origi unayemjua wewe kwa lile bao la Liverpool kwenye fainali ya 2019. Kundi letu lilikuwa na Nigeria, Guinea na Burkina Faso, na anafuzu mmoja tu. Nigeria walikuwa mabingwa wa Olimpiki wakati huo. Tukatoka nao sare 1-1 hapa Nairobi. Mwisho wa kundi Nigeria walikuwa na pointi 13, Guinea 12, sisi 10. Pointi tatu, ndugu yangu. Ushindi mmoja. Kenya haijawahi kufika Kombe la Dunia, na hesabu ile ni kati ya zilizotusogeza karibu zaidi.

Unafikiri basi tulitulia tujenge juu ya hapo? Kiti kikaanza kuzunguka tena. Alipita Christian Chukwu wa Nigeria, akapita James Siang'a wetu. Kisha mwaka 2001, baada ya mzunguko wote huo, tukampigia simu nani? Ndiyo. Fabisch kwa mara ya tatu. Kufikia 2002 alikuwa ameshaondoka, na kiti akakikalia marehemu Joe Kadenge.

Hapa ndipo ninapotaka usimame kidogo ufikirie. Nchi moja inamwacha mtu aende, inamwita, inamwacha, inamwita tena. Kama kumtoa kocha ndiyo dawa, mbona tulikuwa tunarudi kwa daktari yuleyule na ugonjwa uleule? Kocha hana nyumba ya vijana chini yake asipopewa. Hawezi kujilipa mshahara, hawezi kukata tiketi za ndege za wachezaji, hawezi kupanga ligi. Anaingia na filimbi, anakuta jikoni hakuna unga, halafu sisi tunamlaumu kwa ugali.

Lakini nisikudanganye kwa sababu nampenda. Kuna wakati kubadilisha kunafanya kazi. Baada ya Fabisch kuondoka mara ya tatu, Jacob Ghost Mulee alichukua timu na kuipeleka Tunisia kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2004, mara yetu ya kwanza tangu 1992, na huko tukaipiga Burkina Faso 3-0, ushindi wetu wa kwanza kabisa kwenye mashindano hayo. Wachezaji wakishaacha kumsikiliza kocha, au kocha mwenyewe akiishiwa na la kufundisha, kumng'ang'ania ni kuwaonea wote wawili. Kwa hivyo usiniwekee maneno mdomoni kwamba kocha asifukuzwe kamwe.

Fabisch alimalizia na Benin. Januari 2008 aliiongoza kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Ghana. Mali wakawafunga 1-0, Ivory Coast 4-1, Nigeria 2-0. Mechi tatu, vichapo vitatu, nyumbani. Wewe na mimi kibandani tungemaliza naye ndani ya dakika tano.

Ila kulikuwa na jambo ambalo jedwali halikuonyesha. Wakati wa mashindano hayo, Fabisch alifichua kwamba alifuatwa na mtu aliyemtaka auze mechi kwa ajili ya wacheza kamari wa Asia. Akakataa, kisha akasema hadharani. Fikiria. Mtu ana timu dhaifu, kila mtu anatarajia apoteze, hakuna ambaye angeshangaa. Angechukua pesa na kupoteza mechi zilezile alizopoteza, na dunia isingejua lolote. Badala yake alipoteza bure, kwa haki. Wewe unayeweka mkeka kila Jumamosi kwa simu yako, kaa na hilo kidogo.

Baada ya Ghana, yeye na Benin wakaachana. Julai mwaka huohuo, saratani ikamchukua kule Ujerumani. Alikuwa na umri wa miaka 57. Karatasi ya mwisho ya rekodi yake inasema tatu sufuri, na kama ungeisoma hiyo pekee, ungesema kocha mbovu alikufa.

Sasa swali langu.

Miaka michache iliyopita, kabla sijaacha chuo, nilikuwa beki wa kushoto kwenye timu ya mtaa hapa Garissa. Kocha wetu alikuwa fundi wa pikipiki. Tulikuwa tunacheza baada ya Alasiri, jua likianza kulegea, kwenye uwanja wa vumbi ambako mpira ukitoka unaingia kwenye miiba. Tulipoteza mechi tano mfululizo. Tukaketi, tukanywa shaah, tukaamua tatizo ni kocha. Mimi ndiye niliyeandika barua kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Walahi nilijiona mwanamume siku hiyo. Yule mzee aliisoma, akaikunja, akatutakia heri. Hakubishana.

Wiki iliyofuata tulipofika uwanjani ndipo tukagundua kwamba mipira miwili ilikuwa yake. Jerikeni za maji zilikuwa zake. Aliyekuwa anaenda kuongea na wazazi ili kijana aruhusiwe kucheza ni yeye. Na mipira ikiingia miibani, anayeziba ni yeye, kwa gundi ya kazini kwake. Hatukuwa na kocha mwingine wa kumleta, hata hatukuwa tumefikiria. Kufikia Ramadhani timu ilikuwa imekufa. Baadhi ya wale vijana leo nikipita saa nane mchana nawakuta wamekaa kivulini na miraa, na mmoja alikuwa straika ambaye mpaka sasa sijaona mwingine kama yeye hapa mjini.

Wiki hii timu nyingine ya mtaa, wadogo zetu, imepoteza mechi nne. Kuna karatasi inazunguka ya kutia sahihi ili kocha aondolewe. Juzi jioni wamenifikishia mimi, eti kaka mkubwa, mwandishi, tia sahihi tupate nguvu.

Niliwauliza mambo matatu. Nani ananunua mipira? Akiwaita mazoezini, mnakuja au mnakaa simuni? Na akienda leo, kesho saa kumi nani atasimama hapa na filimbi? La kwanza walilijibu kwa kuangalia chini. La pili wakaanza kulaumiana wenyewe. La tatu hawakulijibu.

Karatasi bado iko kwangu, ndani ya daftari hili ninaloandikia. Sijatia sahihi. Kesho baada ya Alasiri nitaenda uwanjani nimtazame huyo kocha akifanya kazi, mechi ya tano ikija ije. Pengine nitaona hafai, na nikiona hivyo nitasema. Lakini nitakuwa nimemwona.

Na wewe, karatasi kama hiyo ikikufikia, ya timu ya mtaa au ya Stars, kabla hujashika kalamu uliza kwanza mipira ni ya nani.